Madam, Hakuna Aliyevaa Koti Lako

Madam Leokadia,

Shikamoo. Nimekaa na hii shikamoo tangu mvua za Machi, sina pa kuipeleka. Kila nikipita Ilembo, pale kwenye kona ya nyumbani kwako, mdomo unafunguka wenyewe. Halafu nakumbuka. Naufunga.

Ni mimi Minza, Msukuma wako wa Kakese. Yule uliyesema analia kama ndama aliyepotezana na mama yake. Naandika nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, Wande yuko mgongoni amelala, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka ujue ni yeye anajigeuza. Na mwandiko utanisamehe. Kidato cha tatu sikukimaliza, na sababu unaijua, ndiyo hii inanikoromea shingoni.

Sijui barua ya mtu aliyekwisha kuzikwa inapelekwa wapi. Lakini ni wewe uliyetuambia kwamba kwenye tamthilia za kale mtu anasimama mbele ya mji mzima akaongea na wafu wake, akawauliza maswali, akawalaumu kabisa, na hakuna anayesema huyu amerukwa na akili. Basi na mimi nimesimama. Nisikilize.

Nianze na shule, maana ndiyo ungeiulizia kwanza kabla hata ya kumuulizia mtoto.

Maabara imekwisha, Madam. Ile ile yetu, iliyokaa miaka haina hata madirisha, tukawa tunafanyia mle mazoezi ya igizo Ijumaa baada ya usafi, wewe umekalia mfuko wa saruji ulioganda na sisi tumesimama kwenye kokoto. Sasa imepigwa plasta, ina vigae, ina masinki na bomba zinatoa maji. Wanasomea kemia. Ni jambo jema, hata mimi ningekuwa na mtoto pale ningepiga makofi. Lakini siku niliyochungulia dirishani nilikuwa natafuta ule mlango uliouchora kwa mkaa kwenye ukuta wa mbele, mlango wa jumba la malkia. Wamepaka rangi nyeupe. Nilibaki nimeshika nondo za dirisha kama mtu aliyerudi kwao akakuta nyumba imehamishwa.

Mwalimu mpya wa fasihi si mbaya. Kijana mpole, ana vipindi vingi mpaka sauti imemkauka. Tamthilia anaifundisha ubaoni: dhamira, wahusika, mandhari, wananakili, kengele inalia. Getruda aliniambia, "Minza, siku hizi tamthilia tunajua kila kitu chake, isipokuwa yenyewe." Alisema anacheka lakini hakuwa anacheka.

Zile kopi zetu za tamthilia, ulizozitoa steshenari ukazibana kwa uzi, zilikuwa kwenye boksi chini ya meza yako ofisini. Mchwa wameingia kwa chini. Waliponyanyua boksi likabaki ganda la juu tu, ndani udongo.

Na mahafali yamepita. Walicheza muziki, spika zilikuwa kubwa, wazazi walifurahi. Mkuu wa shule alikutaja, watu wakasimama kimya kidogo, halafu mshereheshaji akasema haya jamani tuchangamke. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na mtoto. Nilingoja, Madam. Ujinga wangu, nilingoja labda mtu atasema sasa linaingia igizo. Hata sahani za pilau zilipoanza kupita bado nilikuwa nangoja.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipotuletea. Tamthilia ya watu wa zamani sana, wa nchi ya mbali, watu ambao hata ng'ombe wao hatujui walikuwa na rangi gani. Uliitafsiri mwenyewe. Mfalme amekufa vitani, na wakubwa wa mji wanatoa amri asilie mtu yeyote, kuanzia malkia mpaka mtumwa, hadi mfalme mpya atawazwe, adui asije akajua kiti kiko wazi. Basi malkia anapokea wageni, anatabasamu, anaagiza nyama igawiwe, na mumewe yuko chini ya udongo. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akauliza, "Madam, hiyo itatoka kwenye mtihani?" Ukamjibu kwa adabu zako zote, "Haitatoka, Mkuu. Ndiyo maana tunaifanya Ijumaa jioni."

Sisi wenyewe tuliona haina mbele wala nyuma. Mmoja akanyoosha mkono, "Madam, sasa mbona hatumwoni hata mmoja akifa? Wote wanafia nje." Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Hawakuwa na bajeti ya damu." Tukaangua kicheko, na wewe ulicheka mpaka ukavua miwani. Ulipomaliza kuifuta ukasema, "Nikikuonyesha maiti, utaangalia maiti. Nikikuambia tu kwamba kuna mtu amekufa, kila mmoja wenu atamtafuta wa kwake kichwani." Mimi nilimtafuta bibi yangu. Nikamkuta kakaa pale pale.

Getruda, Mbende yule wa Mwese mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mlima, ulimpa mleta habari. Akaingia anapiga kelele, "Mfalme amekufa!" Ukamsimamisha. "Wewe Getruda, unauza dagaa? Mtu aliyebeba msiba hautupi chini mlangoni. Anazunguka nao. Anaanza na njia, matope yalikuwaje, mto umejaa kiasi gani. Anayemsikiliza anamwona anavyozunguka, na anajua. Anajua kabla ya neno." Ukamrudisha nje. Ukamrudisha tena. Mpaka akaingia anaongea habari za matope kwa sauti ya chini, na nywele zikatusimama.

Na wale wazee wa mji! Hakuna aliyewataka. Kundi zima limesimama pembeni linaongea kwa pamoja, halifanyi kitu, wavulana wakawaita mashahidi wa harusi. Kila wakisema mstari, mmoja anatangulia, mwingine anabaki nyuma. Wiki iliyofuata ulikuja na kinu cha jikoni na michi mitatu na mahindi. Ukasema twangeni kwa kupokezana, na mstari usemwe pale mchi unapotua. "Madam, kutwanga tena?" wavulana wakanuna. "Huyu mfalme hakufa kwa ajili ya wanawake peke yao. Shika mchi." Walitwanga, jasho likawatoka, pumba zikawajaa nywele, na sijui ilitokea saa ngapi lakini sauti ikawa moja. Mpishi wa shule akapata unga na wewe ukapata wazee wako.

Mimi ukanipa malkia. Nilikwambia siwezi, mimi nalia upesi. Ukasema ndiyo maana. "Anayeweza kulia ndiye anayejua anachokizuia."

Mwisho wake nauwaza kila siku. Malkia amekaa kwenye kiti, amenyooka, mji wote unamtazama, akitokwa na chozi moja atauawa. Na wale wazee wasiofanya kitu chochote tangu mwanzo, wanafanya kitu kimoja tu. Wanageuka. Wote kwa pamoja wanampa mgongo, na mkubwa wao anasema, "Mama, tumegeuza migongo. Lia." Basi. Tamthilia imekwisha.

Tulipofika hapo mara ya kwanza watu walicheka. Si kwa ubaya, tulikuwa tumezidiwa tu hatujui uso uende wapi. Nikadhani utatuchapa. Ukauliza, "Wasukuma ni nani hapa?" Nusu ya darasa tukanyoosha. "Mimi Mfipa. Kwa hiyo nyie ni watani zangu. Nikifa leo mtafanya nini?" Tukaanza kushindana. Tutavaa nguo zako! Tutatembea kama wewe! Tutalala kaburini tukatae usizikwe mpaka ndugu zako watupe kuku! Ukasema, "Mnaona sasa? Kicheko cha msibani nyie mmezaliwa nacho. Hawa watu wa kale wangekuja kuwauliza nyie namna ya kufanya." Kisha ukaniita mbele. "Minza, mimi nimekufa. Haya, nifanye."

Nikakufanya. Nikaegemea kushoto kama unavyotembea, kama mtu anayesikiliza ardhi. Nikapapasa mifuko yote natafuta miwani, kumbe iko kwenye paji la uso. Nikasema, "Nyie watoto, nani amekalia miwani yangu?" Watu walianguka chini. Wewe uliketi kwenye saruji yako unacheka huku machozi yanakutoka, ukasema, "Basi nimeshapata wa kunizika."

Ulikuwa unatania tu.

Halafu ikaja mimba. Hiyo siirudii. Niliacha shule, nikaolewa na Shija huku Kakese, nikajifungua, nikawa mtu wa jembe na kuni kama wenzangu. Nilijua imekwisha. Mpaka siku ile ulipopiga hodi kwa mama mkwe.

"Nani huyo?"

"Mtani wenu, na nina njaa."

"Mfipa! Umekuja na boda au na ungo?"

"Ungo umetoboka mama, nimekuja na boda."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mlango. Ukala wali wote, ukasema Wasukuma mnapika vizuri, shida yenu mnaongea na ng'ombe kuliko watu. Ulipomaliza ukainuka ukaanza kuzunguka uwanja kama watani wanavyofanya, unachagua cha kuchukua. Ukamshika jogoo ukamwachia. Ukaigusa baiskeli ya Shija, Shija akapiga kelele. Kisha ukaja ukanishika mkono.

"Nachukua huyu. Na huyu mdogo wa mgongoni ni nyongeza. Mtani akishashika kitu hanyang'anywi, au desturi imebadilika?"

"Mfipa mwizi wewe!" mama mkwe akasema. Lakini alikuwa anacheka, na Shija alikuwa anacheka anaangalia chini. Mkakubaliana pale pale. Kwa sasa Ijumaa tu, mazoezi. Na mwakani Januari shule ikifunguliwa, narudi darasani kabisa, mtoto atabaki na bibi yake. Hakuna mzazi wala ofisi ingeweza kufanya ulichofanya, kwa sababu ungeomba wangekukatalia. Wewe hukuomba. Ulichukua.

Zile Ijumaa, Madam. Wande mgongoni, mimi malkia. Akianza kugumia wakati wazee wa mji wanasema mstari wao, wewe ulikuwa unasema, "Mzee mmoja zaidi amefika." Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi nachochea moto, na mama mkwe akasikia yote. Siku moja akaniuliza, "Huyo malkia wenu bado tu hajalia?"

Ijumaa ya mwisho mvua ilitukuta. Ukavua lile koti lako la kahawia la mtumba, la kiume, lenye mfuko uliotoboka mpaka chaki zinatumbukia kwenye bitana, ukamfunika Wande. "Utanirudishia wiki ijayo." Ukabaki umesimama kwenye mlango wa mkaa, umejikunja na baridi, unatupungia.

Nilikuwa nachambua karanga Getruda alipokuja. Alikuwa amelowa hadi magotini. Hakunisalimia. Akasema, "Njia mbaya, Minza. Pale darajani maji yamepita juu. Boda imezima, tumesukuma..."

Nilimwangalia. Hakuwa anaigiza. Wala hakujua anachokifanya. Alikuwa anazunguka nao, Madam, vile vile, anazunguka na matope na daraja na boda, na mimi nikajua. Nilikuwa tayari nimejua, nikabaki nachambua karanga, ganda huku, karanga kule, kwa sababu nilitaka aendelee kuniambia habari za njia. Laiti njia ile ingekuwa ndefu mpaka leo.

"Sema," nikamwambia.

"Madam."

Walisema presha. Ulikuwa unafua, ukaanguka uani.

Nilikuja msibani na koti lako kwenye mfuko. Sikuwa peke yangu, tulikuja Wasukuma wengi, hata wazee ambao hawakuwahi kukuona lakini walisikia kuna mtani mwalimu. Mama mmoja alishajipaka majivu usoni, mwingine amejifunga jiko la mkaa kichwani. Nilikuwa tayari. Nilishaegemea kushoto. Nilisema moyoni, hii moja naiweza, kwa hili alinifundisha mwenyewe.

Kaka yako mkubwa, yule aliyetoka Sumbawanga na gari, akatuzuia kwenye geti. Hakutufokea. Macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Jamani, tunashukuru kwa kuja. Ila dada yetu alikuwa mtu wa heshima zake, mwalimu. Maigizo hapa hatutaki."

Mama wa majivu akajifuta kwa kanga. Tukapangwa kwenye viti vya plastiki. Padri akasoma, kwaya ikaimba, kila kitu kikaenda sawasawa, hata mvua ilingoja. Hakuna aliyelala kaburini kukukatalia. Hakuna aliyedai kuku. Uliingia ardhini kimya kimya kama mtu asiye na watani, na mimi nimeshika mfuko magotini, ndani yake koti. Simlaumu kaka yako, kila mtu ana namna yake ya kusimama wima. Lakini nilikuwa nawaza, ile amri si ndiyo hii? Kule walikatazwa kulia. Huku tumekatazwa kucheka. Na mtu aliyetuambia kwamba ni kitu kimoja ndiye yuko kwenye sanduku.

Hakuna aliyevaa koti lako, Madam. Hilo ndilo linaloniamsha.

Na kulia nako sikulia. Hutaamini. Mimi ndama! Nilipofika nyumbani, mama mkwe akaniambia mama anayenyonyesha halii, maziwa yanaingia uchungu mtoto akaharisha. Nikazuia. Nikapika, nikapokea wageni, nikacheka na majirani. Siku kadhaa zikapita, tukiwa jikoni wawili tu, akaniangalia kwa muda, akamchukua Wande akampakata. Halafu akageuka. Akanipa mgongo, akaanza kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri kabisa. Akapuliza sana. Nilielewa anachofanya. Nilielewa, nikakaa pale, nikafungua mlango wote ndani yangu, na hakuna kilichotoka. Pakavu. Akapuliza mpaka akakohoa. Mwisho akageuka tena akaniona, akasema tu, "Lete chumvi."

Sasa nikwambie lenyewe, maana Wande ataamka.

Baba mdogo wake Shija alikuja tulipomaliza kuvuna mpunga. Wakaongea habari za ng'ombe na mashamba, halafu nikapita na maji akauliza, eti huyu bado anangoja Januari? Shija akasema ndivyo walivyokubaliana na Madam. Mzee akasema, "Mtani aliyemchukua amekufa. Kilichochukuliwa kinarudi kwa mwenyewe." Alisema kwa upole, kama mtu anayekumbusha mlango haujafungwa. Na Shija akapokea maji akanywa. Shija si mtu mbaya, Madam, unamjua. Lakini tangu siku hiyo nikisema shule anasema tutaona. Nikisema Januari anasema mvua zenyewe zitakuwaje. Mama mkwe anaangalia chungu.

Na nikienda, naenda kwa nani? Getruda anamaliza mtihani wiki hii, anakwenda kwa dada yake Tabora. Alikuja kuniaga jana. Wale wazee wa mji wote wanamaliza, mmoja ataendesha boda, mmoja machimboni, wengine hata hawajui. Nitaingia kidato cha tatu na watoto wasionijua, wataniita mama Wande. Nitakaa dawati la nyuma, nitanakili dhamira na mandhari. Hakuna kinu. Hakuna mlango ukutani. Na maneno ya malkia yananitoka, Madam. Nikichochea moto naanza vizuri, nafika pale anapoagiza nyama igawiwe, halafu giza. Wiki iliyopita nilikuwa nakumbuka mpaka mbele kidogo ya hapo. Sina kopi ya kuangalia. Ukurasa mmoja niliokuwa nao Wande aliutafuna. Wewe ndiye ungenikumbusha.

Kuna siku naona kwamba hukufa peke yako. Naona ulikufa na mtu mwingine, msichana mmoja aliyesimama wima kwenye kokoto na taji la maboksi kichwani, na huyo hakuzikwa wala hakuliliwa, maana aliyebaki anafanana naye mpaka kila mtu anadhani ni yeye.

Nisamehe. Sikuanza barua nikiwa na nia ya kukupa mzigo.

Kaka zako wametuma habari, baada ya Krismasi wanakuja kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi. Kutakuwa na chakula, na wameomba majirani na marafiki wasaidie kupika. Mama mkwe ameitwa, unajua masufuria yake. Atakwenda na Shija atakwenda, na baba mdogo naye hakosi shughuli yenye nyama.

Juzi nilitoa koti nilianike, lilikuwa limeanza kunuka unyevu. Chaki zako bado zimo kwenye bitana, ukilitikisa zinagongana. Mama mkwe alikuwa anapeta mchele. Akaacha. Akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi mweusi, akalitoa kwenye kamba, akakaa chini akaanza kushona kile kifungo cha juu kilichokuwa kinaning'inia. Hakuniangalia. Akakata uzi kwa meno. Ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Huyo Mfipa wako, alikuwa anaegemea kushoto au kulia?"

"Kushoto, mama."

"Mm," akasema. Akalirudisha kwenye kamba.

Kwa hiyo nimeamua, na ndiyo ahadi yangu kwako. Siku ya msalaba, watu wakishakaa, nitavaa koti lako. Nitaingia getini nimeegemea kushoto, nitapapasa mifuko yote, nitauliza nani amekalia miwani yangu. Sitaomba ruhusa kwa kaka yako, wewe hukuomba. Kama ana cha kusema atamwambia dada yake. Nitazunguka uwanja mzima nachagua. Nitamshika kuku nitamwachia. Nitagusa pikipiki ya mtu. Kisha nitakwenda pale alipokaa mama mkwe, nitamnyanyua Wande kutoka mapajani kwake, mbele ya Shija, mbele ya baba mdogo, na nitasema kwa sauti yako kabisa:

"Nachukua huyu. Na mama yake ni nyongeza."

Watacheka au hawatacheka, sijui. Naogopa sana. Inawezekana kaka yako akanitoa nje, na Januari ikapita kama mahafali yalivyopita, na mimi nikabaki hapa kwenye kigoda. Hilo naliona waziwazi kuliko lile jingine. Lakini baba mdogo alisema mtani amekufa, na nataka akukute umesimama mbele yake umevaa koti.

Wande ameamka. Anakusalimia kwa miguu, ananipiga mbavu.

Kwaheri, Madam wangu. Lala. Siku hiyo nikimaliza, nikilivua koti nikilikunja, nitakwenda nyuma ya masufuria peke yangu. Waambie wazee wako wa mji, kama huko wapo, wageuze migongo kidogo. Nina kilio cha tangu Machi, bado sijakilia.

Mtani wako,
Minza